Kwa nini tuutazame ulimi wa mtoto anayesema “tutu”?

Hebu sema “tutu”. Sasa sema “kuku”. Umeona ulimi ulivyohama? Kwenye t, ncha yake imegusa ufizi, nyuma kidogo ya meno ya juu. Kwenye k, ncha imetulia chini na sehemu ya nyuma ndiyo imepanda hadi kwenye kaakaa laini. Watoto wengi wadogo huanza na “tutu”, na wengi huiacha wenyewe. Shida ni yule wa miaka 7 au 8 ambaye kuku bado ni “tutu”, kaka ni “tata” na taka pia ni “tata”. Darasani wanamcheka. Nyumbani kila jioni ni “sema kuku”, “tutu”, “siyo hivyo, kuku!”, mpaka anaona afadhali anyamaze.

Mtaalamu wa tiba ya usemi akimpima mtoto huyu, chombo chake kikuu ni sikio: anasikiliza, anaandika alichosikia. Lakini sikio la mtu mzima limezoea kuzigawa sauti katika makapu machache, na likisikia kitu cha katikati linakitupa kwenye kapu lililo karibu. Kwa hiyo watoto wawili wanaweza kuandikiwa t ileile, kumbe mmoja ulimi wake unaenda moja kwa moja mahali pa t, na mwingine anajaribu k kweli, nyuma kunapanda, ila na mbele nako kunapanda. Wapo hata wanaotofautisha t na k kwa namna ndogo sana ambayo sisi hatuisikii. Ukiwapa wote zoezi moja, kuna atakayepoteza miezi.

Hapo ndipo ultrasaundi inapoingia, teknolojia ileile ya mama mjamzito. Kile kifaa cha mkononi kinapakwa jeli na kuwekwa chini ya kidevu, kikielekea juu. Kinatuma mawimbi ya sauti yenye masafa ya mamilioni ya hezi (sikio letu linaishia kama 20,000). Mawimbi yanapenya nyama ya ulimi, na yakifika juu, pale nyama inapokutana na hewa, karibu yote yanarudi. Mwangwi huo unachorwa kwenye skrini kama mstari mweupe unaocheza mtoto anapoongea: mgongo wa ulimi wake, ukiutazama kwa ubavu. Hakuna mionzi wala kitu cha kuingiza mdomoni. Njia nyingine inayojulikana ni kaakaa bandia lenye vihisio, ambalo lazima litengenezwe kwa kipimo cha kinywa cha kila mtoto. Na vinywa vya watoto vinakua!

Picha yenyewe msiitarajie makuu. Kwa mara ya kwanza utadhani ni televisheni ya zamani yenye chenga. Mfupa wa taya unatia kivuli, hivyo ncha ya ulimi mara nyingi inapotea. Kaakaa halionekani kabisa, isipokuwa mtoto akimeza maji, kwa kuwa maji yanachukua nafasi ya hewa na mawimbi yanapata njia. Kifaa kikisogea kidogo, mstari wote unahama, ndiyo maana watafiti wengine humvalisha mtoto kofia maalumu ya kukishikilia. Na kama tatizo ni p au b, sauti za midomo, mashine hii haikusaidii.

Mfano ninaoupenda unatoka Scotland. Mwaka 2017 Joanne Cleland na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 7 waliokuwa bado wanasema t mahali pa k. Walichora mistari ya ndimi kwenye t na kwenye k, wakailaza mmoja juu ya mwingine. Walitegemea kukuta tofauti zilizojificha. Hawakuzikuta: kwa watoto wote saba mistari ilikaribia kulingana kabisa. Yaani hapo sikio lilikuwa sahihi. Ila mtoto mmoja alikuwa na jambo lake. Ulimi wake ulibadilika-badilika umbo kila mara, na wakati mwingine ncha ilikunjwa kuelekea nyuma, kwenye t na kwenye k pia. Kwa kusikiliza tu, hilo lilikuwa limefichika.

Kwangu mimi huyo mmoja ndiye anayeilipia mashine. Mtoto ambaye t na k zake ni kitu kimoja kilichotulia, unaweza kuanza naye kwenye maana, kwamba “kaka” na “taka” ni maneno mawili. Ambaye ulimi hautulii, tatizo liko pia kwenye kuuongoza ulimi wenyewe, na maneno ya jozi peke yake hayatamfikisha.

Kwa bahati nzuri skrini iliyotumika kumpima inaweza kugeuzwa imwelekee yeye. Badala ya kuambiwa “sema kuku” kwa mara ya mia, anaonyeshwa mstari wake na kuambiwa: haya, inua kilima huku nyuma, mbele pabaki chini.