Ukiagiza ‘dawa’ Kericho, utaletewa ipi?

Katika mikahawa ya Kericho na Bomet, kunakochumwa majanichai, neno ‘dawa’ halimaanishi tembe pekee. Ukisema, “Nipe dawa moja,” yamkini utaletewa kikombe cha maji moto yenye tangawizi, limau na asali. Litamke neno lilo hilo kwenye baa, uletewe glasi ya vodka, vipande vya ndimu, sukari na barafu, pamoja na kijiti kilichopakwa asali. Kijiti hicho huponda ndimu na kukoroga. Kadiri unavyokoroga ndivyo utamu unavyozidi. Koktaili hii, binamu ya caipirinha ya Brazili, ilivuma kupitia mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi.

Kisemantiki, huu ni upanuzi wa maana. ‘Dawa’, neno lenye asili ya Kiarabu, limetoka kwa kinachotibu likafika kwa kinachoburudisha. Siulaumu ubunifu huo. Tungeitafsiri ‘koktaili’ neno kwa neno kutoka Kiingereza, leo tungekuwa tunaagiza mkia wa jogoo!

Hata hivyo, msomaji wangu, kuna jambo zito hapa. Dereva, mja mzito, au mtu asiyegusa kileo kwa sababu ya imani yake ana haki ya kujua anachokunywa. Tena, kuiita pombe dawa hakuigeuzi kuwa tiba.

Napendekeza a-unganifu ifanye kazi yake: ‘dawa ya tangawizi’, ‘dawa ya vodka’. Hata nyumbani, kabla ya kumkorogea mgeni, mwulize kwanza: dawa ya nini?