Ukuta Nyuma ya Marehemu Baba

Wengi wenu mnaikumbuka Studio ya Bakor, Lamu, ambako marehemu Omar Said Bakor alikata picha kwa mkasi na kuzibandika juu ya mandhari nyingine. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta. Huku Machakos, ninakofanya kazi, nilipeleka studio picha pekee ya marehemu baba: kavaa kofia ya vito, nyuma yake ukuta umejaa madoa.

Kijana akaufuta ukuta ukawa laini. Kwenye kioo, mashaallah! Ilipochapishwa, ukuta ulitoka mistari mistari, na ukingo wa kofia umeliwa.

Hakukana kosa. Alinieleza kuwa katika picha za kawaida kompyuta huigawa kila rangi ya msingi kwa madaraja 256 tu. Ukuta ukififia polepole mno, madaraja hayo huonekana karatasini. Dawa yake ni kunyunyiza chembechembe hafifu, mfano wa vumbi, ziyachanganye. (Nani angedhani uchafu ndio usafi?) Kofia akaizungushia mstari kwa mkono, taratibu, kutwa nzima.

Mama ndiye aliyeishona kofia ile. Aliipeleka picha dirishani, akaanza kuhesabu vito.