Tangi la Maji Moto: Punguza Makali Yake Kabla Halijaunguza Mtu



Sisi watu wa Pwani hatuyajui sana matangi ya maji moto. Mfereji wa Mombasa ukiufungua saa saba mchana, maji hutoka na uvuguvugu wenyewe. Lakini wengi wetu tuna ndugu walioajiriwa bara, na siku hizi hata hapa kwetu nyumba mpya za kupanga zinawekwa matangi ya sola juu ya paa. Kwa hivyo leo nitawapa niliyoyaona Fort Ternan, kaunti ya Kericho, ambako dada yangu anasomesha.

Fort Ternan ni stesheni ya zamani kwenye njia ya Nakuru kwenda Kisumu, ya reli ileile iliyoanzia kwetu na kufika ziwani mwaka 1901. Alfajiri ya huko, kuchukua udhu kwa maji ya mfereji kunataka moyo. Nyumba anayopanga dada ina tangi la umeme la lita 50, limetundikwa ukutani bafuni.

Siku yangu ya pili, mpwa wangu wa miaka 4 alifungua maji moto peke yake. Tulisikia ukelele tu. Mamake alikimbilia dawa ya meno, nikamwambia, "Hapana dada, maji baridi kwanza." Tuliuweka mkono chini ya maji ya mfereji dakika 20, ndipo tukampeleka zahanati. Alhamdulillahi, amepona. Kumbukeni hilo: mtu akiungua, si dawa ya meno, si yai, si mafuta. Ni maji baridi yanayotiririka, kisha daktari.

Fundi wa umeme tuliyemwita alipima maji yale akakuta nyuzi joto 72. Maji ya kiwango hicho huunguza ngozi kwa muda usiofika sekunde moja. Yakiwa nyuzi 60, mtu mzima huungua vibaya kwa sekunde kama 5. Yakiwa nyuzi 49, huchukua dakika kadhaa, nafasi ya kutosha kuutoa mkono. Ngozi ya mtoto na ya mzee ni nyepesi, huungua mapema zaidi.

Basi kwa nini tusishushe mpaka vuguvugu tukapumzika? Nilimuuliza fundi swali hilo. Jibu ni kwamba kuna bakteria waitwao Legionella, waliojulikana baada ya maradhi yaliyozuka Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na mtu huwavuta mapafuni pamoja na manyunyu ya shawa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri maji moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60.

Yaani tangi linataka moto na ngozi inataka nafuu. Suluhisho bora ni kuacha tangi kwenye 60 na kufungiwa vali ya kuchanganyia, inayotia maji baridi kabla hayajafika mferejini. Kama hamna vali hiyo na nyumba ina watoto au wazee, shusheni mpaka karibu 50, lakini msiyaache maji yakae siku nyingi bila kutumika. Mwenye maradhi ya mapafu au kinga dhaifu amuulize daktari wake kwanza.

Kazi yenyewe fundi aliifanya hivi. Kwanza alipima: aliacha maji moto yatoke dakika mbili, akakinga kikombe, akatia kipimajoto cha jikoni. Kile cha homa hakifai, kwani huishia nyuzi 42 hivi. Pili, alizima sakiti breka ya tangi kwenye boksi la umeme, si swichi ya bafuni peke yake, akahakikisha kwa testa kwamba nyaya hazina moto. Tatu, alifungua kifuniko kwa bisibisi na kuizungusha themostati kidogo tu. Nne, alirudisha kifuniko, akawasha, akangoja saa tatu, akapima tena. Alirudia mara mbili mpaka tukapata tulichotaka.

Kama tangi lako lina kitufe cha kuzungusha nje, hilo unaweza mwenyewe. Likitaka kufunguliwa, mwite fundi anayejua. Umeme wa volti 240 na maji ya bafuni havina msamaha.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa chini ya tangi. Vali ya usalama ilikuwa imezibwa kwa kipande cha mti, kwa sababu ilikuwa ikidondosha maji. Maji yakipashwa moto hutanuka, na vali ile ndiyo mlango wake wa kutokea. Kudondosha kidogo tangi linapopata moto ni kawaida. Ukiiziba, na siku hiyo themostati ikaharibika, tangi linaweza kupasuka kama bomu. Vilevile tangi likijizima lenyewe kila mara, usiendelee kubonyeza kitufe chake chekundu. Kuna hitilafu, itafutwe.

Wenye sola nao wajue kwamba jua halina themostati. Siku ya jua kali maji ya paani yanaweza kupita nyuzi 70, kwa hivyo kwao vali ya kuchanganyia ni lazima. Na kila nyumba ishike desturi moja: ndoo ya mtoto hutiwa maji baridi kwanza, ya moto baadaye, na mkono wa mtu mzima hutangulia kuyaonja.

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo. Ukimaliza kusoma, nenda kapime maji yako, uangalie na ile vali kama imezibwa.