Seva Isimamapo Ghafla Tukuyu

Tukuyu hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka; hivyo seva ya shule isimamapo, radi hulaumiwa upesi. Ila ikisimama hata siku kavu, watumiaji wawapo wengi, ni heri kukichunguza kiendeshi, yaani programu iunganishayo kadi ya mtandao na kiini cha mfumo. Kiendeshi chenye kasoro huweza kuandika data mahali pasipo pake katika kumbukumbu, na mfumo wote ukasimama.

Dawa ni kiraka cha programu. Kadi isipofanya kazi, kiraka hakipiti humo. Hubebwa katika flashi, pengine kwa basi kutoka Mbeya, kilomita 70 hivi. Nacho hujaribiwa kwanza katika mashine moja: tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu lililosomwa na kiendeshi cha CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na nyingi zilitengenezwa moja moja kwa mkono.