Je, Wajua? Micheweni na Ndege ya Nusu Saa

Pemba nzima ina uwanja mmoja tu wa ndege. Uko Wawi, karibu na Chake Chake, katikati ya kisiwa. Ndege ndogo kutoka Unguja huruka takriban nusu saa, lakini msafiri wa Micheweni, huko kaskazini, akishuka bado ana barabara mbele yake. Akija kwa meli ni zaidi: bandari kuu iko Mkoani, kusini, na kisiwa kina urefu wa karibu kilomita 67!

Nani hulipia safari za sehemu ndogo kama hizi? Marekani, tangu 1978, serikali huzilipa kampuni za ndege zisiitupe miji midogo isiyo na faida. Tanzania ilichagua njia nyingine: tangu 2016 serikali hununua ndege zenyewe, kisha Wakala wa Ndege za Serikali huzikodisha kwa Air Tanzania.

Kwa Wapemba, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia fedha baharini. Meli ya MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikaua mamia ya watu. Mwaka 2015 ikaja meli ya serikali, MV Mapinduzi II, ya abiria 1,200. Ndege ndogo ya Wawi hubeba kumi na kidogo, na haichukui magunia.