Matangazo ya zamani katika majarida ya katuni ya Marekani

Matangazo ya zamani katika majarida ya katuni ya Marekani ni matangazo ya biashara yaliyochapishwa ndani ya majarida hayo na kwenye majalada yake, hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 hadi mwanzo wa miaka ya 1980. Mengi yalilenga watoto na vijana. Yaliuza kwa njia ya posta vitu vidogo vya bei nafuu, kama vile vifaa vya mzaha, wanasesere, kozi za kujenga mwili na viumbe wadogo wa kufuga. Leo matangazo hayo yanakusanywa na kuchunguzwa kwa sababu mbili: ubunifu wa michoro yake, na tofauti kubwa iliyokuwepo mara nyingi kati ya picha na bidhaa yenyewe.

Historia

Superman alipotokea kwa mara ya kwanza mwaka 1938, jarida la katuni liliuzwa kwa senti 10. Bei hiyo ndogo ilimwezesha mtoto kulinunua kwa fedha zake mwenyewe, na hapo wafanyabiashara wakapata njia ya kuzungumza naye bila kupitia kwa wazazi. Kampuni ya Johnson Smith, iliyoanzishwa mjini Chicago mwaka 1914, ilikuwa miongoni mwa watangazaji wa mapema. Iliuza vitu vya mzaha na miujiza kwa posta.

Mnunuzi alikata kuponi iliyo chini ya tangazo, akaandika jina na anwani yake, akaitia kwenye bahasha pamoja na fedha, kisha akasubiri kwa wiki kadhaa. Katika anwani ya muuzaji mara nyingi palikuwa na namba ya "idara". Kwa kawaida namba hiyo haikuwa ya ofisi yoyote. Ilikuwa alama ya kumwonyesha muuzaji barua ilitokana na jarida gani, ili ajue ni tangazo lipi linaloleta wateja.

Muundo

Majarida yalichapishwa kwenye karatasi duni kama ya gazeti, kwa wino wa rangi nne na nukta ndogondogo. Picha za kamera hazikutoka vizuri kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo michoro ya mistari minene ilifaa zaidi. Pia mchoraji aliweza kuonyesha jambo ambalo kamera isingeweza kulipiga picha.

Ukurasa mmoja uliweza kugawanywa katika visanduku vingi, kila kimoja na bidhaa yake. Kichwa kiliandikwa kwa herufi kubwa zenye alama ya mshangao, bei ikawekwa mahali pa kuonekana haraka, na maelezo yakabanwa kwa herufi ndogo sana. Msomaji aliweza kurudia ukurasa huo mara nyingi na kila mara kuona kitu kipya.

Matangazo mengine yalichukua umbo la katuni yenyewe. Maarufu zaidi ni la Charles Atlas, mjenga mwili aliyezaliwa Italia mwaka 1892 kwa jina la Angelo Siciliano. Kijana mwembamba yuko ufukweni na msichana. Mbabe anamrushia mchanga usoni na kumdhihaki. Kijana anaagiza kozi ya Atlas, anapata misuli, anarudi kumpiga mbabe na kusifiwa na watu. Kisa chote kinaisha katika visanduku vichache. Kati ya 1975 na 1982 kampuni ya Hostess ilitumia mbinu hiyohiyo kuuza keki zake: mashujaa kama Batman na Spider-Man waliwashinda wahalifu kwa kutumia vitafunio.

Picha na bidhaa

Mfano unaotajwa sana ni Sea-Monkeys, jina lenye maana ya "tumbili wa baharini", bidhaa ya Harold von Braunhut. Mchoraji Joe Orlando aliwachora kama familia yenye nyuso za tabasamu na vichwa kama mataji, wakiishi mbele ya kasri. Viumbe halisi walikuwa Artemia, yaani uduvi wadogo wa maji ya chumvi ambao mayai yao hustahimili ukavu kwa muda mrefu na kuanguliwa yakitiwa majini. Baadhi ya matangazo yalieleza kwa herufi ndogo kwamba michoro haikukusudiwa kuonyesha Artemia jinsi walivyo.

Von Braunhut aliuza pia miwani ya X-Ray Specs, iliyosemekana kuonyesha mifupa ndani ya mkono. Kwenye tundu dogo la kila lenzi palikuwa na kipande cha unyoya kilichopinda mwanga na kutoa taswira mbili zilizopishana kidogo. Sehemu zilipokutana taswira hizo zilionekana nyeusi zaidi, kama mifupa.

Nyambizi ya Polaris iliyouzwa kwa dola 6.98 ilichorwa ikiwa na watoto ndani wakirusha makombora. Kilichofika nyumbani kilikuwa kadibodi ya kukunja na kuunganisha.

Ukosoaji na sheria

Daktari wa akili Fredric Wertham, katika kitabu chake Seduction of the Innocent cha mwaka 1954, alilaumu pia matangazo ya majarida ya katuni. Alisema yaliwauzia watoto silaha na kuwatia wasiwasi kuhusu miili yao. Mwaka huohuo wachapishaji waliweka kanuni za kujidhibiti zilizokataza matangazo ya pombe, tumbaku, visu na bunduki bandia zinazofanana na za kweli. Hata hivyo michoro iliyotia chumvi iliendelea. Mwaka 1975 tume ya biashara ya serikali kuu ilitoa kanuni ya kuwataka wauzaji kwa posta kutuma bidhaa katika muda waliotangaza, au ndani ya siku 30 kama hawakutaja muda.

Mvuto wa baadaye

Nakala iliyokatwa kuponi hushuka thamani kwa wakusanyaji, ingawa tundu hilo ni ushahidi kwamba mtoto fulani aliliamini tangazo. Mchoraji Chris Ware ameiga mtindo wa matangazo hayo katika Acme Novelty Library, na mwaka 2011 Kirk Demarais alitoa kitabu Mail-Order Mysteries kinacholinganisha matangazo na bidhaa halisi.

Wengi wanaoyakumbuka hawakuwahi kuagiza chochote. Kwao bidhaa ilibaki kama ilivyochorwa. Walioagiza walijifunza mapema, kwa gharama ya dola moja au mbili, kwamba mchoro mzuri unaweza kuuza kitu ambacho hakimo ndani ya sanduku.