Mtaa na Mwili wa Mkazi

Iko fikra potofu, na hata baadhi ya makada wanayo, kwamba unene wa kupita kiasi ni matokeo ya ulafi na uvivu wa mtu binafsi tu. Tunaipinga.

Tuchukue Marekani, nchi inayohubiri sana kwamba kila mtu hujitakia hali yake. Kati ya 1994 na 1998, huko Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, familia 4,604 za mitaa ya ufukara zilipigiwa kura. Kundi moja lilipewa hati za kusaidia kodi ya nyumba, kwa sharti la kuhamia mitaa yenye mafukara wachache. La pili lilipewa hati zisizo na sharti hilo. La tatu halikupewa hati. Kura ndiyo iliyoamua, si juhudi wala tabia ya mtu.

Wanawake walipimwa mwaka 2008 hadi 2010. Katika kundi la tatu, 20 kati ya kila 100 walionyesha dalili za kisukari katika damu. Katika kundi la kwanza, karibu 16. Unene mkubwa mno ulikuwa karibu 18 dhidi ya 14, ingawa takriban nusu tu ya kundi hilo ndio waliohama kweli. Na mapato yao hayakuongezeka! Unene wa kadiri, tukiri, haukupungua.

Familia zilipoulizwa mwanzoni kwa nini zinataka kuhama, nyingi zilitaja magenge na dawa za kulevya. Anayeogopa kutoka nje atatembea wapi?